Mwito wa Tatu

Asubuhi hiyo Tanzila Bhuiyan alifungua kinywa kusema "futi elfu moja", akakuta mtu ameshasema.

Sauti ilipita ndani ya hedifoni, ya kiume, ya upole, sauti ya mtu aliyeizoea kazi. Tanzila alimgeukia kapteni wake. Kapteni Mahfuz Talukdar alikuwa amebana midomo, mikono kwenye usukani, macho kwenye sindano, ndevu zake za mvi zimechanwa kama za bwana harusi. Si yeye aliyesema. Mnara wa Sylhet ulikuwa umeshawapa ruhusa ya kutua na kunyamaza. Nyuma ya marubani kulikuwa na mlango uliofungwa, na nyuma ya mlango abiria waliotoka Dhaka, nusu yao wamelala.

"Elfu moja," Tanzila akasema naye, maana ndiyo kazi yake.

Kapteni hakuitikia.

Mwezi wa Magh, wakati wa baridi kali, ukungu wa Sylhet hauna haya. Unalala juu ya njia ya ndege mpaka jua liupandie kichwani. Ndege hushuka humo kwa kufuata miali miwili ya redio. Sindano moja inamwambia rubani kama yuko kushoto au kulia, nyingine inamwambia kama yuko juu au chini. Mwenye usukani anatazama sindano; mwenzake anazitazama sindano na kumtazama yeye pia, akimwita hatua kwa hatua. Huyu anaita, yule anaitikia. Wakifika kwenye urefu wa kikomo na taa za chini hazijaonekana, wanapaa tena bila mjadala. Ndiyo sababu marubani wanauogopa ukimya wa mwenzao kuliko wanavyouogopa ukungu.

"Mia tano," Tanzila akaita. Kimya. "Mia tano, Kapteni." Kimya. "Kapteni! Mia tano!"

"Naam, mia tano," Talukdar akasema bila wasiwasi, kama mtu aliyeulizwa habari za nyumbani.

Walitua salama. Walipozima injini Tanzila alisikia harufu ya matope na magugu maji yaliyooza, akadhani kuna abiria aliyebeba samaki wa haor, yale maji mapana yanayozunguka nchi ya Sylhet. Alipovua hedifoni aliona waya wake unadondosha maji.

Chini, mbele ya vikombe vya chai, alimchokoza. "Kapteni, masikio yameanza kustaafu kabla ya mwenyewe?"

"Mama, wewe una sauti ya kinanda," Talukdar akacheka. "Mtu hujisahau akisikiliza."

Alimwita mama, kama baba anavyomwita bintiye, na Tanzila hakuwahi kuona ajabu. Baba yake mzazi alipokufa, Talukdar ndiye aliyebeba jeneza upande wa mbele. Wakubwa wa kampuni waliposema mikono ya mwanamke haitaiweza ndege kwenye ukungu, Talukdar ndiye aliyegonga meza. Alimfundisha karibu yote aliyoyajua, na somo aliloshikilia kuliko yote lilikuwa hili: ukimwita mwenzako mara mbili asiitikie, mhesabu amezimia, chukua usukani. Na kila alipolifundisha alitoa kisa cha Arefin.

Arefin alikuwa rubani msaidizi wa Talukdar miaka ya nyuma. Walishuka Sylhet katika ukungu, ndege ikazama chini ya mstari wa kushukia, ikaangukia shamba la mpunga kabla ya kuifikia njia ya ndege. Ilivunjika bawa, Mungu akanusuru roho za watu. Arefin, Talukdar alivyosimulia darasani, aliiona sindano inapanda na akakaa kimya kwa woga wa kumsahihisha mkubwa wake. Alinyang'anywa leseni, akarudi kwao Sunamganj, na msimu wa mvua uliofuata wavuvi wakamwokota kwenye haor. "Msinyamaze kama Arefin," Talukdar alikuwa akisema, na wanafunzi waliinamisha vichwa. Tanzila alikuwa ameliandika jina hilo moyoni kama jina la mtu mwoga.

Safari iliyofuata ukungu ulikuwa mzito zaidi. Kabla hawajafika futi elfu moja harufu ya matope ikarudi, safari hii nzito, ya kuingia kooni, na kioo cha mbele kikapata jasho kwa ndani. Kisha hedifoni ikasema, wazi, karibu na sikio kiasi kwamba Tanzila alihisi baridi ya pumzi: "Kapteni, tuko chini."

Hawakuwa chini. Sindano ilikuwa katikati kabisa.

"Kapteni, tuko chini. Pandisha."

Talukdar aliendelea kutazama sindano. Shati lake jeupe lilikuwa limelowa, na kwenye mkono, chini ya kitambaa, Tanzila aliona umbo la hirizi iliyofungwa kwa uzi. Sauti haikuita tena. Tanzila aliita yake, mara moja, mara mbili, mara tatu, na kwenye ya tatu kapteni akaitikia.

Walipokuwa wamesimama chini, mlango umefungwa, alimuuliza kwa mnong'ono. "Umesikia?"

"Sijasikia kitu. Na wewe hujasikia kitu."

"Kapteni, mimi si mtoto."

Talukdar alifuta uso kwa leso. "Bibi yako hakukufundisha habari za Nishi?"

Alimfundisha, nani asiyefundishwa? Katika nchi nzima ya Bengali hakuna mtoto asiyeonywa: ukisikia unaitwa jina lako na huoni mtu, hata kama ni sauti ya mama yako, usiitikie. Nishi ni pepo anayeita kwa sauti ya mtu unayemjua. Ataita mara moja, ataita mara mbili, lakini mara ya tatu hawezi. Ya tatu ni ya binadamu. Ukiitikia kabla ya ya tatu, umekwenda.

"Huzur wa Sunamganj, yule shehe wa dua, aliniambia nisiitikie mwito wowote kabla ya wa tatu," Talukdar akasema. "Wa mtu yeyote. Ndivyo ninavyoishi sasa, nyumbani, sokoni, hapa."

"Hapa? Kanuni inasema nikikuita mara mbili..."

"Basi niite mara tatu, mama. Pumzi zitakwisha?"

Alijaribu kutabasamu, lakini Tanzila hakutabasamu. Alikuwa akinusa lile tope la haor na kukumbuka ni nani aliyeokotwa humo, na akili yake ilikuwa ikifika mahali ambapo moyo haukutaka kufika. "Ni Arefin huyu," akasema. "Kumbe aliita. Aliita mara mbili, na wewe hukumjibu."

Talukdar alikunja leso yake. Kisha akaweka kiganja juu ya kichwa cha Tanzila, kama alivyofanya siku ya mazishi ya baba yake. "Nipe mpaka ukungu uishe. Nitakwenda kwa wakubwa, nitasema yote, jina lake lisafishwe. Mimi nimewahi kukuangusha?"

Hakuwahi. Kwa hiyo Tanzila alinyamaza, akijiambia kwamba anamsitiri baba, na kwamba siku chache za ukungu si kitu.

Safari ya tatu walibeba watu waliokuwa wakienda kuzuru kaburi la walii, familia za Wasylheti waliorudi kutoka London na masanduku yao, na bibi mmoja aliyebishana na mhudumu kwa ajili ya kapu la pitha, vile vitumbua vya mchele. Talukdar alikuwa na usukani. Ukungu uliwapokea mapema, mweupe, usio na juu wala chini, na harufu ikaja nao kana kwamba mtu amefungua mlango wa bwawa, na Tanzila akaona matone yakitambaa kwenye waya wa hedifoni ya kapteni yakipanda juu badala ya kushuka. Hedifoni ikasema, "Kapteni, tuko chini." Ikasema tena. Safari hii ilikuwa kweli. Sindano ilikuwa imeanza kupanda, maana yake mstari uko juu na wao wako chini yake, na Tanzila akaita kwa sauti yake mwenyewe, "Kapteni, tuko chini!" na Talukdar hakugeuka, na sindano ikazidi, na akaita tena, "Kapteni, tuko chini, pandisha!" na alipomtazama alimkuta amefumba macho, midomo inacheza, anahesabu, anasubiri mwito wa tatu kama alivyoagizwa, na kila neno moja lilikuwa linakula urefu ambao hawakuwa nao tena, na katika mwanya wa ukungu Tanzila aliona, mahali palipopaswa kuwa na taa, vichwa vya mianzi.

Hakuita ya tatu. Alifanya alivyofundishwa.

"Nimechukua!" akapaza, akavuta usukani na kusukuma nguvu zote za injini. Talukdar aliamka kama mtu aliyemwagiwa maji, akashika usukani wake, akauzuia, na kwa pumzi kadhaa walivutana, mwalimu na mwanafunzi, ndege ikinguruma kati yao. Mkia ulikwaruza nguzo ya taa. Nyuma watu walipiga kelele. Kisha mzee akalegea, na ndege ikapanda, ikatoka juu kwenye jua.

Walirudi Dhaka. Mama mmoja alikuwa amevunjika kifundo cha mkono, na bati la mkia lilikuwa limechanika. Magari ya zimamoto yaliwapokea, na ofisa akamchukua Tanzila pembeni kuandika maelezo. Alipogeuka aliona kwa dirisha Talukdar bado amekaa kwenye kiti chake, taa za chumba cha marubani zinawaka, mhudumu anampelekea chai.

Hapo hakuelewa. Alielewa baadaye. Kinasa sauti cha ndege ile ya zamani huhifadhi mazungumzo ya muda mfupi tu, kisha hurekodi juu yake. Baada ya ajali yoyote kapteni anatakiwa kukikatia umeme mara moja, na Talukdar ndiye aliyewafundisha hilo pia. Siku hiyo aliuacha umeme ukiwaka, akanywa chai yake taratibu, akaomba na kikombe cha pili, mpaka miito miwili ya Tanzila ikafutwa na kelele za wafagizi.

Kwenye kikao cha uchunguzi Tanzila hakuwa na hofu. Alisema aliita mara mbili, hakujibiwa, akachukua usukani. Habari za Nishi aliziacha, alimwachia mzee mwenyewe. Mwenyekiti, mama mwenye miwani, akamgeukia Talukdar.

"Kapteni, rubani wako alikuita?"

Talukdar alitazama meza.

"Kapteni Talukdar, nauliza, alikuita kabla ya kunyakua usukani?"

Kimya.  Tanzila alijua mzee anasubiri nini, na alijua kwamba safari hii mwito wa tatu utakuja, na ukweli utatoka.

"Kapteni! Alikuita, au hakukuita?"

"Hakuniita," Talukdar akasema. "Alishtuka tu, mtoto wa watu, akanivamia. Nadhani ni woga."

Alisema kwa upole, hata kwa huruma, na hapo ndipo palipouma. Tanzila angeweza kustahimili matusi. Alitoka na leseni yake imesimamishwa. Kwenye ngazi Talukdar alimpita akanong'ona, "Wewe bado kijana, mama, utarudi. Mimi ningekwisha." Tanzila alitamani kumtemea mate, lakini kinywa kilikuwa kikavu. Alilia kwenye riksho kutoka Uttara mpaka Mirpur, na mwendesha riksho alikuwa mwungwana, hakugeuka.

Siku zilipita. Asubuhi moja alikuwa jikoni na mama yake, Kohinoor, wanapika bhapa pitha kwa mvuke. Tanzila alikuwa ameshika kitambaa chenye unga na sukari guru, hawazi chochote, ndipo kinywa chake kilipofunguka chenyewe.

"Kapteni, tuko chini."

Mama yake aligeuka. "Unamwita nani?"

Tanzila alitikisa kichwa. Kooni mwake kulikuwa na ladha ya tope. Alijaribu kufunga meno, taya zikakataa, na sauti yake ikatoka tena, nzuri, iliyotulia, sauti yake ya kazini: "Kapteni, tuko chini. Pandisha." Maji machafu yalimtiririka kidevuni yakadondoka kwenye unga. Kohinoor akaanza kusoma Ayatul Kursi kwa sauti inayotetemeka.

Kisha ikawa kimya, na katika kimya kile Tanzila aliijua saa ile ni saa gani. Ndege ya asubuhi ilikuwa inashuka Sylhet. Talukdar alikuwa kwenye usukani, amefumba macho, anahesabu, na kilichoita masikioni mwake safari hii hakikuwa na sauti ya Arefin. Kilikuwa kimepata koo jingine.

Angeweza kunyamaza. Tusimpake mafuta, alilifikiria. Mzee alimchukulia jina lake, basi na akae na hesabu yake mpaka mianzi impokee. Hata hivyo, nyuma ya mlango ule kulikuwa na vibibi na makapu yao. Tanzila alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Koo lilikuwa limekabwa kama kwa kamba iliyolowa, na neno likapanda humo kidogokidogo, likichuna njia yote, mpaka likatoka na damu.

"Kapteni! PANDISHA!"

Jioni ile Sohana, mhudumu rafiki yake, alimpigia simu. "Dada, leo tumeponea chupuchupu. Tulikuwa tunashuka, mara ndege ikapaa kama imechomwa sindano. Mzee ametoka kapauka, anamuuliza Rafsan, rubani msaidizi wake mpya, nani ameita mara ya tatu? Na Rafsan anaapa hajafungua mdomo kabisa."

"Kabisa? Hata mliposhuka chini ya mstari?"

"Nani ataita tena?" Sohana akashusha sauti. "Aite ili afanywe kama wewe? Siku hizi wote wanakaa kimya, dada."

Kohinoor hakutaka kusikia habari za hospitali. Alimpeleka Tanzila Sunamganj, kwa huzur yule yule. Huzur alikuwa mtu mnene mwenye mafua, anapenga kamasi katikati ya dua. Alipulizia maji, akampa anywe, Tanzila akayatapika yakiwa meusi.

"Hatoki kwa maji huyu," huzur akasema. "Anaingia pale mtu alipoita kwa haki na mwenzake akakana. Aliyeita awe hai au maiti, kwake ni sauti tu. Yule rubani alikuja kwangu. Nilimpa maneno mawili. La kwanza, asiitikie kabla ya mwito wa tatu, ajilinde. La pili, aende mbele za watu aseme, aliniita. Akachukua la kwanza, la pili akaniachia hapa mkekani."

"Asiposema?" Kohinoor akauliza.

Huzur alimtazama Tanzila, akapenga kamasi.

Tanzila alimwandikia Talukdar ujumbe mmoja: Niliita ya tatu. Kaseme. Kikao kilikuwa kimempa mzee nafasi ya kurekebisha maelezo yake mpaka mwisho wa juma. Siku ya mwisho ukungu ulishuka hata Dhaka, ukajaa kwenye ngazi za nyumba yao, na baada ya sala ya adhuhuri mlango ukagongwa.

"Tanzila, mama."

Ilikuwa sauti ya Talukdar, na uchovu wake, na kikohozi chake kidogo kabla ya jina. Kohinoor aliruka kwenda kufungua. "Amekuja, mwanangu! Amekuja kusema!" Tanzila akamdaka mkono. Yeye mwenyewe alikuwa na hamu kubwa ya kuitikia. Alitaka awe yeye. Alitaka hivyo kuliko alivyoitaka leseni.

"Subiri, mama. Subiri ya tatu."

"Tanzila."

Walisimama mama na mwana wameshikana, masikio kwenye mlango. Nje palikuwa na pumzi ya mtu, au ya ukungu. Tanzila alihesabu kimyakimya kama mwalimu wake alivyokuwa akihesabu, na midomo yake ikawa inacheza vile vile. Ita, alikuwa akisema moyoni. Mara moja tu. Ita, nitafungua, nitakusamehe.

Mwito wa tatu haukuja.

Walipofungua hapakuwa na mtu. Kizingiti kilikuwa kimelowa, lakini siku ya ukungu kila kizingiti hulowa. Kesho yake kikao kilitangaza kwamba Kapteni Talukdar hakubadilisha maelezo yake, na mambo yakaishia hapo. Mzee angali anaruka, na majira ya ukungu koo la Tanzila huamka na tope. Kohinoor huapa mpaka leo kwamba aliyegonga alikuwa Nishi. Tanzila hajui kama alikuwa Nishi au Talukdar mwenyewe, mtu aliyefika mpaka mlangoni akashindwa kuita mara moja zaidi, na siku hizi haulizi tena, maana haoni tofauti.